Kashuka Tambarare

"Usimtazame mtu usoni, mtazame shavu la mguu," Silvano alisema. "Uso unadanganya."

Wanaume waliojazana katika banda la Nikolao, fundi baiskeli wa soko la Newala, wakageuka kuwatazama vijana waliokuwa wakijipanga uwanjani. Ilikuwa siku ya Saba Saba. Mnunuzi mmoja wa korosho, miongoni mwa wale wapya walioruhusiwa baada ya biashara kufunguliwa, alikuwa ametoa zawadi za mbio za baiskeli ili wakulima walijue jina lake kabla ya msimu. Kulikuwa na mbio fupi za kuzunguka uwanja, na mbio moja kubwa ya mzigo. Waendeshaji wa mbio ya mzigo walikuwa wameondoka Masasi tangu alfajiri, kila mmoja na dumu la maji kwenye keria, na walitakiwa kupanda mlima mpaka Newala bila maji kupungua. Aliyeshinda mwaka uliopita alibebeshwa madumu mawili, ili wengine nao wapate nafasi.

Aliyeshinda mwaka uliopita alikuwa Isaka, mdogo wake Dominika, mke wa Silvano.

"Huyo wa shati la kijani ana miguu," alisema Mzee Mahmudu, mfanyabiashara kutoka Masasi, Myao mnene aliyekuja na pikapu yake. "Atawamaliza."

"Hatamaliza mzunguko wa pili," Silvano alijibu. "Kiti amekiweka juu mno. Tazama, anatafuta pedeli kwa vidole. Mwangalie yule mfupi wa nyuma."

Mfupi wa nyuma akashinda. Katika mbio iliyofuata Silvano aliwataja wa kwanza na wa pili, na wakafika kama alivyowataja. Nikolao akaacha kuziba pancha na kumpa mkono. Watu wasiomjua wakaanza kusogea karibu na ndoo aliyoikalia, na mmoja akamnunulia soda. Silvano alikuwa mtu wa mikorosho michache kule Makote, ambaye hata katika mikutano ya kijiji alisimama nyuma. Siku hiyo kila alichosema kilisikilizwa, na jambo hilo lilimwingia kichwani upesi kuliko pombe.

Karibu na saa sita basi la kwanza kutoka Masasi likaingia. Kondakta alikuwa bado ananing'inia mlangoni alipopiga kelele, "Isaka yuko mbele! Madumu mawili, na bado kawaacha! Ashraf anafuata, lakini mbali!"

"Nilisema nini?" Silvano akasimama.

Ashraf alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Mahmudu. Mzee akacheka, akajifuta jasho. "Mtani, mbele ya mlima si mbele. Shemeji yako atakufa na madumu yake pale kwenye kona za juu. Kama una uhakika, weka kitu."

"Nitaweka nini? Mimi sina duka."

"Una salfa. Watu wananiambia ulinunua mapema. Mimi nina mashine ya kupulizia, mpya, lakini dukani salfa imekwisha, na mikorosho yangu imeanza ubwiri. Isaka akishinda, chukua mashine. Ashraf akishinda, nachukua mifuko yako yote iliyobaki. Au maneno yako ni ya banda la baiskeli tu?"

Watu wakaguna. Zamani salfa ililetwa na ushirika, mtu akakatwa deni baada ya mavuno. Sasa kila mmoja alijinunulia, na asiyekuwa nayo aliona maua ya mikorosho yake yakigeuka meupe kwa ubwiri, yakakauka na kudondoka. Silvano na mkewe walikuwa wameinunua kwa kuuza kila kilichouzika, hata cherehani ya Dominika. Walikuwa wamepuliza mara moja tu.

Wote walikuwa wakimtazama. Silvano akampa Mzee Mahmudu mkono, na Nikolao akashuhudia.

Basi la pili lilifika wakati watu walipokuwa wakila. Kondakta wake hakupiga kelele. Aliteremka, akaja bandani kuomba maji ya kunywa, na alipoulizwa akasema kama mtu anayesimulia jambo la ajabu:

"Isaka? Isaka kashuka, anasukuma."

"Mlimani?"

"Mlima gani? Pale karibu na njia panda ya Chiwata. Tambarare! Pale hata mtoto mwenye gunia la mihogo anapita anaimba. Yeye kashuka, anatembea taratibu, baiskeli mkononi."

"Pancha," Silvano alisema.

"Tairi zimejaa. Nimeziona kwa macho yangu."

Hakuna aliyemnunulia Silvano soda tena.

*

Ashraf aliingia uwanjani peke yake, uso umekunjamana kwa uchovu, dumu lake limejaa. Isaka alikuja baadaye sana, wa pili, baada ya kuwapita tena mlimani wengine waliokuwa wamempita. Mwamuzi alipochovya kijiti katika madumu yake, moja lilikuwa limejaa na jingine lilikuwa limebaki nusu.

"Umemwaga," mwamuzi alisema.

Isaka alikuwa akihema. "Yamepungua."

"Yamepunguaje?"

"Yamepungua tu."

Akafutwa katika matokeo. Ndipo maneno yakaanza, na yalikuwa mengi. Mmoja alisema Isaka amekula chao, amepewa kitu na watu wa Masasi ili aachie. Mwingine alisema hapana, ni pumzi. Kwani hamkuona anavyohema? Wa tatu akasema mtu mwenye pumzi ya kupanda mlima mzima hawezi kuishiwa tambarare, labda aishiwe kwa makusudi. Wakabishana kama alikanyaga kwa nguvu zake zote au alikanyaga kwa kupendezesha macho ya watu. Wakamwomba Silvano, mjuzi wa mambo hayo, aamue.

"Aliuza," Silvano alisema, akaondoka.

*

Isaka alifika Makote kabla yake. Dominika alikuwa uani, amempakata Flora, binti yao mdogo, aliyenyoosha mikono mara moja kumtaka mjomba wake. Siku zote Isaka alimpokea kabla hata ya kusimamisha baiskeli. Safari hii alirudi nyuma hatua.

"Nipe maji kwanza, dada."

"Ya kunywa?"

"Ya kunawa."

Alinawa mikono, akanawa uso, akavua kandambili akanawa na miguu, pale pale nje, mbali na mlango. Maji ya kunawa namna ile hayakuwa mengi Makote, ambako dumu lilipandishwa kutoka bondeni. Dominika akamtazama. Baada ya hapo ndipo alipompokea mtoto.

Silvano aliingia kwa hasira na hakumwamkia mtu.

"Mama Flora, salfa si yetu tena. Muulize ndugu yako alikoipeleka."

Ikabidi asimulie, na katika kusimulia sauti yake ikazidi kupungua, maana hakupata njia ya kueleza mkono aliompa Mzee Mahmudu. Dominika aliketi kwenye kinu kilicholala.

"Uliweka salfa," alisema. "Yote. Bila kuniuliza."

"Niliweka kwa mtu ninayemjua! Ningejua ni mwizi ningeweka? Isaka, walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu, shemeji."

"Ulishuka au hukushuka?"

"Nilishuka."

"Tambarare?"

"Tambarare."

"Kwa nini?"

Isaka alimweka mtoto chini polepole. "Nina sababu yangu. Si ya kusimulia."

Silvano akachukua spana. Tairi ya nyuma ya baiskeli ile aliinunua yeye mwenyewe, kama zawadi, mwezi uliopita. Aliipindua baiskeli, akafungua nati, akaivua tairi mbele ya majirani waliokuwa wamekuja kusikiliza, akaitundika juu ya paa la jiko. "Wanaokulipa wakununulie nyingine," alisema. Isaka alisimama akitazama mpaka kazi ikaisha, kisha akaenda zake kwa miguu, kulala kwa rafiki yake. Dominika hakulia. Aliichukua baiskeli iliyobaki chuma kitupu upande wa nyuma, akaiingiza ndani asije mtu akaicheka.

*

Walichekwa hata hivyo. Isaka alikuwa akiishi kwa kupandisha maji ya watu kwa baiskeli. Sasa alipita na dumu moja kichwani kama mwanamke, na watoto walimfuata. "Shikamoo, Mjomba Kashuka!" Akawaitikia marahaba bila kugeuka. Kisimani mwanamke mmoja alimuuliza Dominika kama ukoo wao wote hushuka tambarare au ni wanaume tu. Silvano naye, alipokwenda kwa Nikolao kuomba gundi, aliambiwa, "Gundi ipo, Baba Flora, lakini leo hatuwekeani," na banda zima likaangua kicheko. Kila asubuhi aliingia shambani, akatazama maua yanayofunguka na doa jeupe linaloanza, akarudi bila kugusa mfuko hata mmoja. Mifuko ilikuwa ndani, lakini alikwisha toa mkono, na Mzee Mahmudu alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja na pikapu.

"Baba Flora," Dominika alisema walipokuwa wakimenya mihogo, "wewe unajua mbio. Nifundishe. Mtu akitaka kushindwa, atapunguza mzigo?"

"Atapunguza ili iwe nini? Anayetaka kushindwa ataongeza mawe."

"Na anayemwaga maji ili awe mwepesi, atashuka kutembea?"

Silvano akatupa ganda la mhogo. "Alichanganyikiwa," akasema.

"Isaka hachanganyikiwi na baiskeli. Hesabu yako ya siku ile haijumuishi kitu fulani."

"Kitu gani?"

Dominika alijifunga khanga, akamfuata mdogo wake alikolala. Alimkuta akipasua kuni za mwenye nyumba kulipia chakula.

"Ulinawa kama mtu aliyetoka kuzika," alimwambia.

Isaka akaacha shoka kwenye gogo.

"Nani?" Dominika aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kichanga. Baba yake alikuwa amembeba mkononi. Watu wachache tu, na jembe. Kichanga hatangazwi, dada, unajua mwenyewe. Mama yake hajatoka hata ndani. Niende nikamseme bandani kwa Nikolao, mbele ya watu wanaobishana nani kala nini? Nimtaje mtoto wa watu ili nirudishiwe tairi?"

"Ungemwambia shemeji yako peke yake."

"Shemeji yangu aliniita mwizi kabla hajaketi. Niahidi hutasema."

Dominika akaahidi, na ahadi ile ilikuwa nzito, maana alikuwa anajua ni kitu gani kitapakiwa kwenye pikapu.

*

Mzee Mahmudu alikuja asubuhi, na Ashraf ameketi nyuma ya gari na kofia ya ushindi aliyopewa na mnunuzi wa korosho. Majirani walijipanga kwenye ua. Dominika alikuwa amemwita Isaka, akamwambia aje tu, asiseme lolote. Isaka akasimama mbali, karibu na jiko, chini ya tairi yake.

"Shikamoo, mzee," Silvano aliamkia.

"Marahaba, mtani. Usinune. Ungeshinda wewe ungekuwa unanicheka mpaka leo. Ashraf, pakia."

Silvano akafungua mlango. Alichukua mfuko wa kwanza mwenyewe, akaubeba mpaka kwenye gari, kwa kuwa hakutaka mtu amwone akitolewa vitu ndani. Vumbi la manjano likamwangukia begani.

"Subirini kidogo," Dominika alisema. Alikuwa ameleta kigoda kwa ajili ya mgeni na uji katika bakuli. "Mzee hawezi kuja kwangu akaondoka na njaa. Na wewe Ashraf, mdogo wangu, kaa. Hongera. Sisi huku hatukuona mbio, tumesikia ya makondakta tu. Hebu tuhadithie wewe uliyekuwepo. Ulimpita wapi huyu ndugu yangu?"

Ashraf alikuwa kijana asiye na maneno ya kuficha, na aliupenda ushindi wake. Akaketi, akaanza. Alieleza alivyoondoka Masasi, alivyomwona Isaka akizidi kuwa mdogo mbele yake mpaka akakata tamaa.

"Halafu baada ya njia panda nikamwona tena! Kashuka, anasukuma. Nikajua pumzi imemwishia. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Alinipungia mkono, hivi, chini chini. Nikadhani ananiomba nimsubiri." Akacheka. "Mbio na kusubiriana wapi na wapi?"

"Alikuwa peke yake?" Dominika aliuliza.

"Alikuwa nyuma ya watu fulani wanakwenda shamba. Wameziba njia, wanatembea pole pole kama hawana kazi. Nikawapigia kengele. Hawakupisha, nikapiga tena, ndefu, mpaka wakasogea kwenye majani."

"Wanakwenda shamba Saba Saba?"

"Walikuwa na jembe."

"Moja?"

"Moja. Na mmoja wa mbele alikuwa kabeba... alikuwa kabeba kitu kwenye shuka. Nyeupe. Kadogo tu, hivi..."

Ashraf alikuwa amekunja mikono kifuani kuonyesha jinsi yule mtu alivyobeba. Hakuishusha. Alibaki nayo pale, amekumbatia hewa, na kila aliyekuwa uani aliona kile alichokiona yeye njiani, na akaona kwamba yeye mwenyewe anakiona sasa hivi kwa mara ya kwanza. Mwanamke mmoja akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini. Kofia Ashraf aliivua bila kujua.

Katika nchi ile, mtu aliye juu ya baiskeli akikutana na maiti hushuka. Hushuka mwenye haraka na asiye na haraka, Mkristo na Mwislamu, akasukuma nyuma ya waliofiwa mpaka njia zigawanyike. Hakuna anayekumbuka kufundishwa.

Mzee Mahmudu aliweka bakuli chini.

"Ulipiga kengele," alimwambia mtoto wa dada yake.

"Sikujua, mjomba. Wallahi sikujua. Nilikuwa natazama gurudumu."

"Mara mbili."

Ashraf akainamisha kichwa. Mzee alimgeukia Isaka, akamtazama kwa muda mrefu.

"Na maji?" aliuliza. "Lile dumu."

Isaka hakutaka kusema, lakini mzee alikuwa ameuliza kwa adabu.

"Kaburi lilikuwa kavu, mzee. Hawakuwa na maji ya kunyunyizia."

Kisha Mzee Mahmudu akainuka kwa shida, akaenda mwenyewe kwenye pikapu, akaukumbatia ule mfuko mmoja uliopakiwa, akaushusha. Alikuwa mtu wa kuvaa kanzu safi, na kanzu ikawa ya manjano.

"Mzee, mkono ni mkono," Silvano alisema. "Nilishindwa. Chukua."

"Nichukue nikapulize mikorosho yangu? Ichanue nini?" Mzee alifoka. "Tuliwekeana nani atatangulia kufika. Hatukuwekeana nani atawapigia waliofiwa kengele. Hiyo mbio haikuwepo, bwana. Nikolao ndiye shahidi, nitamwambia mwenyewe." Akajikung'uta. "Lakini petroli yangu nimeichoma kuja huku, na uji huu wa mkeo hauna sukari. Ungekuwa si mtani wangu ningedai mbuzi. Nichinjie jogoo."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, kwa kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi siku nyingi. Dominika aliingia jikoni haraka. Alisimama nyuma ya mlango, amejifunika uso kwa khanga, mabega yakimcheza, na hata yeye hakujua kama anacheka au analia. Kisha akatoka kumkimbiza jogoo.

Kabla ya kuondoka, Mzee Mahmudu alimwambia Ashraf apande mbele. Wangepitia njia panda ya Chiwata, wakatafute nyumba ile, kijana akaombe radhi mwenyewe kwa mdomo wake. "Na wewe," akamwambia Isaka, "utuelekeze." Isaka akaeleza njia. Hakutaja jina la mtu.

*

Silvano hakujua aanzie wapi. Alizungukazunguka ua, akaokota spana, akaweka ngazi kwenye jiko, akaishusha tairi. Majirani walikuwa bado hawajaondoka. Wale wale walioona ikivuliwa. Alipiga magoti mchangani, akaivalisha tairi kwenye rimu kwa vidole, akafunga nati, akachukua pampu na kuijaza mwenyewe mpaka ikawa ngumu kama jiwe.

"Shemeji," alisema, bado amepiga magoti. "Nilitazama miguu yako miaka yote hii. Sikukutazama wewe."

"Inuka, Baba Flora," Isaka alisema. "Cheni nayo inataka mafuta."

Kesho yake waliingia shambani mapema, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, na mashine ya kukodi ikiunguruma mgongoni mwa Isaka. Salfa ilipanda juu ya mikorosho kama moshi wa manjano, ikashuka taratibu juu ya maua, ikawashukia na wao. Dominika alikuwa akimimina, Silvano akielekeza mti upi bado. Wote watatu walikuwa wa manjano mpaka kope, na Flora, aliyeketi mbali kwenye mkeka, aliwakataa alipowaona wakimkaribia.

Nikolao fundi akapita barabarani kwa baiskeli, mzigo wa spoki mgongoni. Habari zilikuwa hazijamfikia.

"Aisee!" alipiga kelele kwa utani. "Huyo mwenye mashine si ndiye Kashuka?"

Silvano akajifuta mdomo kwa kiganja, akasimama wima katikati ya mikorosho yake ili asikike vizuri.

"Ndiye," alijibu. "Alishuka. Hebu na wewe shuka, Nikolao, njoo nikwambie alishukia nini."